Kamera ya depo: ione mtu, isilie juu ya mbuzi



Koperative nyingi zinatuuliza siku hizi juu ya kamera za kulinda depo. Kamera bei yake imeshuka, sola iko, telefone iko. Lakini kufunga kamera ni kitu kimoja, na kuitengeneza ili ifae ni kitu kingine. Tunataka kueleza hii ya pili, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Jumatatu moja asubuhi, wakati wa mavuno, koperative moja tunayotembelea kandokando ya ziwa Kivu ilifungua depo ikakuta gunia nne za kahawa parche hazipo. Kufuli lilikuwa zima. Komite ikamwita mzamu wa usiku wa siku ya posho na mzamu wa usiku wa siku ya yenga. Yule wa siku ya posho alisema neno moja tu: “Miye sijaiba. Mutazame mu kamera yenu.”

Tukatazama. Kamera ilikuwa pale, juu ya mlango, taa yake inawaka. Lakini kadi yake ya giga 32 ilikuwa na picha za kuanzia siku ya yenga saa nane mchana tu. Kuanzia saa nane ile mpaka asubuhi hakuna mtu aliyebeba gunia. Basi gunia zilitoka mbele ya hapo. Usiku wa siku ya posho ulikuwa umeshafutwa na kamera yenyewe, sababu kadi ilijaa na picha mpya zikaandikwa juu ya zile za zamani.

Na alarmu ambayo kamera inapashwa kutuma kwenye telefone ya jeran? Ilitumwa. Zilitumwa nyingi sana. Jeran alikuwa amezima mlio tangu juma la kwanza: “Ile kitu inalialia bure usiku kucha. Mbuzi ikipita inalia, mvua ikinyesha inalia, kipepeo ikiruka inalia.” Hatuwezi kumlaumu.

Mzamu yule alikatwa mshahara wa mwezi mmoja, kisha akaacha kazi. Kama aliiba ao hakuiba, mpaka leo hakuna anayejua. Na kosa la kwanza lilikuwa letu, sababu sisi njo tulifunga kamera ile. Tuliitoa kwenye karto, tukaipandisha ukutani, tukaona picha inatokea kwenye telefone, tukaenda zetu. Vile ilitoka kiwandani, njo vile tuliiacha. Kamera ya namna hiyo ni kama mbwa anayebwekea kila mtu anayepita njiani: mwenye nyumba anamzoea, na siku mwizi anakuja hakuna anayeamka.

Kuna mambo mawili ya kutengeneza: ubora wa picha, na ginsi kamera inatambua mwendo. Mambo yote mawili yanafanyika ndani ya menyu ya kamera, kwa telefone ao kwa ordinatere, na hayaombi franga hata moja.

Swali la kwanza: munataka kuona nini?

Watu wengi wakifungua menyu wanapandisha kila kitu juu kabisa, wakifikiri picha kubwa njo picha nzuri. Sivyo. Mbele ya kugusa kitu, komite ikae chini ijibu swali moja: tukifungua picha hii siku ya matata, tunataka kujua nini? Kwamba kuna mtu alipita? Ama mtu huyo ni nani?

Picha ya kamera imefanywa na nukta ndogondogo zinazopangwa kama mbegu ndani ya kitalu. Kamera nyingi za bei ya kawaida zinatoa picha ya nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Kinachohesabiwa ni nukta ngapi zinaangukia kila mita ya fasi munayolinda. Kanuni ya kimataifa inayofuatwa na mafundi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014 iliweka vipimo hivi:

- Nukta 25 kwa mita: munaona kwamba kuna mtu, basi.
- Nukta 62 hivi kwa mita: munaona nguo yake na anachofanya.
- Nukta 125 kwa mita: munaweza kumtambua mtu munayemjua tayari.
- Nukta 250 kwa mita: munaona sura wazi, hata ya mgeni.

Namna ya kupima ni rahisi, na haiombi fundi. Watu wawili wasimame mlangoni mwa depo, mmoja asogee kuume na mwingine kushoto, mpaka kila mmoja afike pembeni kabisa ya picha. Pimeni mita kati yao. Kisha gawanyeni 1920 kwa mita hizo. Kama ni mita 15, munapata 128: mtawatambua watu wa kijiji. Kama ni mita 30, munapata 64: mtaona koti na gunia, lakini hamtajua ni nani. Kama ni mita 7 na nusu, munapata 256: sura inaonekana wazi.

Kwenye ile koperative ya gunia nne, kamera ilikuwa juu ya nguzo, inaangalia kiwanja kizima, zaidi ya mita 30 kwa upana. Hata kama picha za usiku ule zingebaki, zingetuonyesha mtu mweusi mdogo anayebeba kitu. Sasa tumeishusha na kuisogeza karibu na mlango. Kwa hiyo kumbukeni: kusogeza kamera karibu kunasaidia kuliko kununua kamera ya bei kali. Na isipandishwe juu sana. Mita 2 na nusu mpaka 3 zinatosha. Ikiwa juu zaidi, mtapata picha nzuri ya kofia.

Hesabu ya kadi

Sasa tuje kwenye hesabu iliyotuangusha. Kamera inaandika picha kwenye kadi kama maji yanavyoingia kwenye pipa. Kuna ukubwa wa pipa, ni giga za kadi. Na kuna ukubwa wa bomba, ni kile ambacho menyu ya Kifaransa inaita “Débit”, kinachohesabiwa kwa megabiti kwa sekunde. Menyu nyingine inakiandika kwa kilobiti: 2048 ni sawa na megabiti 2.

Megabiti 1 kwa sekunde, usiku na mchana, inajaza karibu giga 11 kwa siku moja. Basi kwa kadi ya giga 128:

- Megabiti 4: giga 43 kwa siku. Kadi inajaa karibu siku 3.
- Megabiti 2: giga 22 kwa siku. Kadi inajaa karibu siku 6.
- Megabiti 1: giga 11 kwa siku. Kadi inajaa siku 11 ao zaidi kidogo.

Kamera yetu ilikuwa na megabiti 4 na kadi ya giga 32. Gawanyeni: haifiki saa 18. Depo ilifungwa siku ya posho jioni na kufunguliwa jumatatu asubuhi. Tulikuwa tumeweka ulinzi wa saa 18 juu ya nyumba inayofungwa kwa saa 36 na zaidi. Hakuna mtu aliyefanya hesabu ile, hata sisi.

Kanuni tunayofuata sasa: picha zikae siku 7 kwa uchache, sababu depo nyingi zinapima stoki mara moja kwa juma. Kama munapima mara moja kwa juma mbili, picha zikae juma mbili. Ulinzi wa kamera usiwe mfupi kuliko muda wa hesabu yenu ya stoki.

Namna ya kufikia siku 7 bila kuharibu picha:

1. Punguzeni idadi ya picha kwa sekunde. Kamera inatoka kiwandani na picha 25 kwa sekunde. Hii ni ya sinema. Mtu anayebeba gunia la kahawa hakimbii kama risasi. Picha 10 ao 12 kwa sekunde zinatosha. Mkipunguza picha, munaweza kupunguza na megabiti pia, na kila picha inabaki wazi.

2. Kama menyu inaonyesha H.264 na H.265, chagueni H.265. Ni njia mbili za kukunja picha ili zisichukue fasi kubwa. H.265 ni ya mwaka 2013, inakunja vizuri zaidi: kwa picha ya ubora ule ule inaweza kuomba karibu nusu ya megabiti. Lakini hakikisheni kwanza kama telefone ya jeran inaweza kuifungua.

3. Kati ya “débit constant” na “débit variable”, chagueni “variable”, kisha wekeni kipimo cha mwisho, kwa mfano megabiti 2. Depo ikiwa kimya kamera inaandika kidogo. Mtu akiingia inaandika sana. Ni kama mpishi anayeongeza kuni wakati wa haja tu.

4. Msishushe nukta za picha ili kupata fasi. Mkitoka 1920 kwenda 640, mumetupa sura ya mtu, na hamtaipata tena.

Kitu kingine: kamera nyingi zinatoa picha mara mbili kwa wakati mmoja, picha kubwa na picha ndogo. Picha kubwa ibaki kwenye kadi. Picha ndogo njo ya kuangalia kwa telefone. Kuangalia picha kubwa ya megabiti 2 kwa saa moja kunakula mega 900 za intaneti. Picha ndogo ya nusu megabiti inakula mega 225 hivi. Na reseau ikikatika musiogope: kamera yenye kadi inaendelea kuandika, ilimradi umeme uko.

Usiku ni mambo mengine

Mchana kila kamera ni nzuri. Jaribio la kweli ni usiku, na wezi wanajua.

Giza likiingia, kamera inawasha taa zake ambazo jicho letu haliwezi kuona vizuri, na picha inakuwa nyeupe na nyeusi. Taa hizo zinarudisha mwanga kwa kila kitu kilicho karibu na kioo. Uzi mmoja wa buibui unaonekana kama kamba nyeupe. Kipepeo kidogo kinaonekana kama ndege. Ukungu wa ziwani unafunika picha yote. Ukuta mweupe wa karibu, ao ukingo wa paa la mabati, unaifanya kamera kufikiri kuna mwanga wa kutosha, na mlango unabaki gizani. Basi:

- Geuzeni kamera kidogo ili ukuta na paa visiingie kwenye picha.
- Pangusa kioo kila juma kwa kitambaa laini, na kuondoa buibui. Hii iwe kazi ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina.
- Kama sola inatosha, wekeni taa ndogo mlangoni, mita 2 ao 3 mbali na kamera. Wadudu watafuata taa, wataacha kioo. Na kamera itaona vizuri zaidi.

Kuna pia kosa linalofichwa. Usiku, ili kupata mwanga, kamera inafungua jicho lake muda mrefu kwa kila picha. Mtu akisimama anaonekana vizuri; akitembea anakuwa kama moshi. Kwenye menyu tafuteni “Exposition” ao “Obturateur” na mkataze muda mrefu kuliko 1/25 ya sekunde. Picha itakuwa na giza kidogo zaidi, lakini mtu atakuwa na uso. Pale pale, kama kuna chaguo la 50 ao 60 Hz, wekeni 50, njo umeme wa kwetu. Taa hazitatetemeka kwenye picha.

Kutambua mwendo: kamera haijui mbuzi

Sasa alarmu. Kwenye menyu ni “Détection de mouvement”. Lazima muelewe kwanza kamera inafanya nini. Haimuoni mtu. Inalinganisha picha ya sasa na picha iliyopita. Kama nukta nyingi zimebadilika, inasema: kuna mwendo. Basi. Kivuli cha wingu kinabadilisha nukta. Jani la mgomba kwenye upepo linabadilisha nukta. Mvua kwenye taa ya usiku inabadilisha nukta nyingi kabisa. Kwa kamera, vyote ni wezi.

Kwa hiyo ni sisi tunaopashwa kuifundisha. Kuna vitu vitano vya kugusa.

Fasi. Menyu inaonyesha picha yenye miraba midogo. Futeni miraba yote, kisha chagueni tu ile ambayo mtu hawezi kuingia depo bila kuipita: mlango, dirisha, na ardhi ya mbele ya mlango. Acheni nje migomba, barabara, mbingu, paa, na fasi mbuzi wanafungwa. Kwenye ile depo, kufuta barabara na migomba peke yake kuliondoa sehemu kubwa ya kelele.

Ukali wa kutambua, njo “Sensibilité”. Hii inaambia kamera ibadiliko dogo namna gani ni la kuhesabu. Ikiwa 100, hata vumbi linahesabiwa. Ikiwa 10, mtu mwenye koti la giza anapita bila alarmu. Anzeni katikati, 50, kisha mpande ao mshuke 10 kwa 10.

Ukubwa. Kamera nyingi zina kipimo cha pili, “Seuil”: sehemu kubwa namna gani ya fasi muliyochagua inapashwa kubadilika mbele ya kulia. Mtu mlangoni anajaza sehemu kubwa. Kuku anajaza ndogo. Wengi wanashusha ukali ili kunyamazisha kuku, na pale njo wanaharibu, sababu wanashusha na mwizi. Pandisheni ukubwa kwanza, ukali uguswe nyuma.

Saa. Mchana wakulima wanaleta kahawa, watu wanaingia na kutoka. Alarmu ya mchana haina maana. Iwekeni tangu depo inafungwa mpaka inafunguliwa, na siku nzima ya yenga.

Sekunde za mbele na nyuma. Iambieni kamera itunze sekunde 5 mbele ya mwendo na 20 nyuma yake. Bila zile 5, mtaona mgongo wa mtu anayeondoka, hamtaona uso wa mtu anayekuja.

Kamera nyingine za siku hizi zina chaguo la kutambua umbo la mtu peke yake. Kama iko, iwasheni. Inapunguza kelele ya mbuzi na mvua. Nyingine zina kijicho kinachosikia joto la mwili. Hiki kinamsikia vizuri mtu anayekatisha mbele yake kuliko mtu anayekuja moja kwa moja, basi kamera iangalie njia kwa upande. Lakini hata hizi zinaomba kujaribiwa.

Na neno moja la kukaza: alarmu na kuandika ni vitu viwili. Watu wengine wanaiambia kamera iandike tu wakati kuna mwendo, ili kadi isijae. Kama ukali haukuwekwa vizuri, usiku wa wizi hautaandikwa hata kidogo. Kama kadi inaweza kubeba siku 7, kamera iandike saa zote, na mwendo utumike kwa alarmu na kwa kuweka alama ili mpate fasi haraka. Kama kadi ni ndogo, nunueni kubwa zaidi, ya aina inayofanywa kwa kamera za ulinzi, sababu kadi ya kawaida inachoka upesi ikiandikwa usiku na mchana. Bei yake iko chini ya bei ya gunia moja la kahawa parche.

Mtembee mbele yake

Kamera ambayo haijajaribiwa ni kama mzani ambao haujapimwa. Jaribio linachukua usiku mmoja, na mzamu mwenyewe njo anapashwa kulifanya pamoja na mtu wa komite.

Mmoja ashike telefone, mwingine atembee. Atembee kawaida mpaka mlangoni. Kisha polepole. Kisha ameinama. Kisha na koti la giza na kofia. Kisha na gunia begani. Atoke kuume, atoke kushoto. Kila mara mwenye telefone aandike kwenye daftari: ililia? Uso ulionekana? Kisha muache usiku upite, na asubuhi muhesabu: alarmu ngapi, na kila moja ilikuwa nini? Mtu, mbuzi, mvua, wadudu?

Kisha badilisheni kitu kimoja tu, na mjaribu tena usiku unaofuata. Mkibadilisha vitu vitatu mara moja, hamtajua ni kipi kilisaidia. Kwenye ile koperative ilituomba usiku tano. Leo telefone ya jeran inalia mara chache sana, na ikilia, anaamka. Kama kuna usiku wa kelele nyingi, anajua buibui amerudi kwenye kioo.

Saa ya kamera

Hii ni ndogo lakini inaweza kumfunga mtu bure. Mashariki ya Kongo tuko kwenye UTC+2. Kinshasa iko UTC+1. Kamera nyingi zinatoka China, na nyingine zinafika bado na saa ya kule, UTC+8, saa sita mbele ya yetu. Fikirini picha imeandikwa 02:14. Komite itasema: saa nane ya usiku, njo zamu ya fulani. Kumbe kweli ilikuwa 20:14, saa mbili ya usiku, na ufunguo ulikuwa bado kwa mtu mwingine. Hakikisheni saa na tarehe kwa macho yenu mara moja kwa mwezi, na kila mara umeme unaporudi nyuma ya kukatika siku nyingi.

Nani anaangalia?

Kamera inagusa heshima ya watu. Wanamemba waambiwe iko wapi na inaona wapi. Wekeni kibao mlangoni. Isiangalie choo, nyumba ya jirani, ao meza ambapo mkulima anahesabu franga zake. Kodi ya mambo ya dijitali ya nchi yetu, Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, ina sehemu juu ya kulinda habari za watu binafsi, na sura ya mtu ni habari yake. Watu wawili wa komite tu wawe na neno la siri, na picha zifunguliwe wakiwa wote wawili. Hakuna kutuma picha ya mtu kwenye WhatsApp mbele ya komite kukaa.

Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliingia ndani ya kamera na vifaa vingi sana duniani kwa njia moja tu: kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakubadilisha.

Mbele ya kufunga daftari

Komite inaweza kusoma orodha hii kwenye mkutano, kila mmoja ajibu:

- Upana wa picha mlangoni ni mita ngapi? 1920 ikigawanywa inatoa 125 ao zaidi?
- Megabiti ngapi, kadi ya giga ngapi, siku ngapi? Zinazidi muda wa hesabu ya stoki?
- Usiku, mtu anayetembea ana uso?
- Migomba, barabara na mbuzi viko nje ya fasi ya kutambua?
- Alarmu ya mwisho ililia lini, na ilikuwa nini?
- Saa ya kamera ni sawa na saa ya telefone?
- Nani anapangusa kioo? Nani ana neno la siri?

Kama jibu moja ni “hatujui”, kazi iko pale.

Tumalize na jambo moja. Tulipokwenda kutengeneza upya kamera ile, mzamu mpya alikuja na kutuuliza kama tunaweza kuigeuza kidogo, ili kiti chake kionekane pia. Mtu wa komite akashangaa: “Unataka tukuchunge?” Akajibu: “Nataka mujue nilikuwa hapa.” Tuliigeuza. Kamera si ya kumtega mzamu. Iko pale ili siku gunia ikipotea, mtu ambaye hakuiba awe na kitu cha kuonyesha. Yule wa kwanza aliomba kitu hicho hicho, na hatukuwa nacho.

Kama koperative yenu iko na kamera tayari, leteni daftari la jaribio kwenye mkutano unaokuja. Tutalisoma pamoja.